Mgonjwa asiyejuliwa hali

Mtaani kwetu Tanga mtu haugui peke yake. Ukilazwa leo, kesho kabla ya adhuhuri habari imeshavuka Ngamiani na kufika Pongwe. Mmoja ataleta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, mwingine machungwa ya Muheza. Wazee watapita baada ya Alasiri, wakae mkekani, waulize kama homa imepungua, waombe dua, kisha mmoja wao ateremshe noti chini ya mto bila kusema neno. Kumjulia hali mgonjwa ni wajibu. Asiyefika ataulizwa, na atatakiwa awe na sababu.

Mimi niliugua sonona, ugonjwa wa akili ambao kwa Kiingereza huitwa depression, kwa muda mrefu na sikuletewa hata chungwa moja. Simlaumu mtu. Hakuna aliyejua kwamba nyumbani kwangu kuna mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe alikuwa anakwenda kazini, anavaa shati lililopigwa pasi na kuitikia salamu.

Nataka kueleza kilichobadilika nilipoanza kusema. Sidai kwamba kusema ndiko kulikoniponya. Nilitumia dawa, na kliniki bado nahudhuria. Lakini lipo jambo ambalo dawa isingeligusa hata ningemeza kopo zima. Nilikuwa nimenyamaza, na watu walikuwa wameujaza ukimya wangu kwa maelezo yao wenyewe.

Nianze na ugonjwa ulivyokuja. Nafundisha sekondari, somo la Kiswahili na historia. Hapakuwa na msiba. Mshahara ulikuwa unaingia, watoto wazima, mke wangu hana neno na mimi. Nikaanza kuamka saa tisa usiku, kifua kimebana, macho makavu, nalala chali nikisubiri adhana ya Alfajiri. Chakula kikapoteza ladha. Nilikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu. Kusahihisha insha, kazi niliyoipenda kuliko zote, kukanishinda. Daftari moja lingekaa mezani jioni nzima huku nasoma mstari ule ule. Halafu ukaja mwili: kichwa, mgongo, tumbo kuwaka moto, miguu mizito hata kupanda ngazi za ofisi ya walimu. Nikapima malaria. Nikapima taifodi. Nikatibiwa vidonda vya tumbo, nikabadilishiwa antibayotiki, nikaambiwa nipunguze pilipili. Wauguzi wenye uzoefu wanajua kwamba mgonjwa wa sonona kwetu mara nyingi haji akisema ana huzuni. Anakuja akisema kichwa kinamuuma, au moyo unamwenda mbio, na anaondoka na Panadol.

Kilichonifunga mdomo zaidi ni kwamba sikuwa na sababu ya kutoa. Aliyefiwa ana ruhusa ya kulia, aliyefilisika watu wanamwelewa, aliyeachwa hata nyimbo ziko upande wake. Mimi ningesema nini? Kila nilipojiandaa kufungua kinywa niliwaona majirani ambao hawajui watoto watakula nini usiku, nikahisi kwamba nikilalamika nitakuwa nakufuru neema. Sikujua wakati ule kwamba ugonjwa huu hauhitaji kibali cha msiba. Unaweza kufuata msiba, unaweza kumfuata mama aliyejifungua salama, na unaweza kuja tu, katika mwaka ambao mambo yako yote yamekaa sawa.

Nikaanza kukwepa watu. Tuna baraza la kahawa ambalo baadhi yetu tumekaa tangu hatujaota ndevu: baada ya Isha, kahawa chungu, kashata, bao pembeni, na mabishano juu ya timu yetu ya Coastal Union yasiyokwisha. Nikaacha kwenda. Simu ikiita naigeuza kifudifudi. Harusi ya mtoto wa shangazi nikatuma mchango, mwenyewe sikutokea. Mwenye sonona hafanyi hivi kwa dharau. Kukaa na watu kunadai nguvu, uso, majibu na kicheko cha hapa na pale, na ndivyo vitu ambavyo ugonjwa umevichukua kwanza.

Lakini nani angejua? Barazani wakasema mwalimu amepanda daraja, siku hizi hatuoni sisi wa barazani. Shemeji zangu wakanong'ona kwamba mke wangu amenilisha limbwata, ndiyo maana sitoki ndani. Shangazi akawa na hakika kwamba kuna mtu kazini amenifanyia kijicho, akataka nipelekwe kusomewa na kuzinguliwa. Kazini ikaonekana nimekuwa mvivu. Wanangu, walio karibu kuliko wote, wakaamini baba amewakasirikia. Kila elezo lilikuwa na matibabu yake: mwenye maringo huachwa na maringo yake, aliyerogwa hutafutiwa mganga, mvivu huandikiwa barua, na baba mwenye hasira hukimbiwa akiingia sebuleni. Nikatendewa yote hayo. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa ananibembeleza nile, akaanza kuangaliwa vibaya na ndugu zangu kwa kosa ambalo halikuwepo.

Ninapowasikia watu wakisema kwamba wagonjwa wa sonona hutengwa kwa sababu jamii ina roho mbaya, moyo wangu haukubali. Wapo wenye roho mbaya, nitawafikia. Lakini kutengwa kwangu kulianza kwa watu wanaonipenda, waliokuwa wanatafuta maana ya mwenendo wangu na hawakupewa. Nisipowaambia ninaumwa, hawabaki hawajui. Wanajua kitu kingine, na wananitendea sawasawa na wanachokijua.

Aliyeufungua mlango ni dada yangu mkubwa, ambaye ni mkunga kwenye zahanati huko Korogwe. Alifika bila kupiga simu, akawatuma watoto dukani, akakaa karibu nami na kuuliza: "Hulali tangu lini?" Hakuniuliza nina nini, wala nimekosa nini. Swali la tangu lini ni swali ambalo mgonjwa huulizwa. Nililia mbele yake, mimi mwanaume wa umri wangu, na yeye akaendelea kuuliza kwa utaratibu uleule: chakula je, kazi je, mwili je. Wiki ile ile akanipeleka kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa.

Kule nilikutana na maswali tisa ambayo siku hizi yanatumika katika vituo vingi duniani, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huna matumaini, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kukosa umakini, kuwa mzito au kutotulia. Kila jibu lina alama kuanzia sifuri mpaka tatu, na jumla ya juu kabisa ni 27. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ingekuwa heri ufe, au kujidhuru kwa namna yoyote. Mtabibu aliniuliza hilo kwa sauti ile ile aliyoniulizia usingizi, kalamu mkononi, akinitazama. Nikajibu ndiyo. Ndiyo hiyo nilikuwa sijaitamka mbele ya binadamu yeyote, na hata kwa Mola wangu nilikuwa naizungukazunguka. Hakushtuka, hakunihubiria. Akauliza kama nina mpango, kama nyumbani kuna kitu cha kujidhuru nacho, nani anaweza kukaa nami usiku. Kisha akaandika.

Watu wengi wanaogopa kumuuliza ndugu yao kama anawaza kujiua, wakidhani watampandikizia wazo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi kunampunguzia mtu dhiki, kwa kuwa anaona ameeleweka. Mimi naweza kushuhudia upande wangu. Wazo lile lilikuwepo muda mrefu kabla ya swali, na baada ya swali, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na shahidi mwingine.

Nikaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Nikaambiwa inaweza kuchukua wiki mbili hadi nne kabla sijaona nafuu, na kwamba nikipata nafuu nisiiache ghafla kwa kujiona nimepona. Nayataja haya kwa kuwa wapo wanaoacha siku ya tano wakisema dawa haifanyi kazi. Sina mengi zaidi ya kusema kuhusu vidonge. Vilinirudishia usingizi, na usingizi ukanirudishia nguvu za kwenda barazani.

Nilifika baada ya Isha, nikakaa, nikamiminiwa kahawa. Mmoja akasema, nusu utani, nusu kidonda: "Mwalimu, umetususa." Nikawaambia sikuwasusa, nilikuwa naumwa. Kitu gani? Nikasema: sonona, ugonjwa wa akili, nilikuwa silali, sili, sasa nafuata dawa hospitali ya mkoa. Bao likasimama. Nilitegemea mzaha, au ule upole wa kutisha ambao watu huutumia kwa mtu waliyeshamfuta. Mzee mmoja, fundi seremala, akaweka kikombe chini na kuuliza: "Dawa wanakupa au unanunua?" Mwingine akauliza kama inaruhusu kufunga. Maswali ya mgonjwa, yote. Halafu yule wa mwanzo akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, "Sisi tulidhani umepata watu wa maana kuliko sisi." Wakati wote ule walikuwa wameumia. Mimi nilidhani hawanitaki, wao walidhani siwataki.

Siku zilizofuata wakaanza kuja nyumbani, wawili watatu, na mfuko wa machungwa, kama wangekuja kwa malaria. Hawakujua sana la kusema, wakazungumza habari za mpira. Mke wangu aliwapikia chai mara kwa mara, na akaacha kuangaliwa vibaya.

Kisha yakaja nisiyoyatarajia kabisa. Mwanaume mmoja ninayemheshimu, mwenye duka, mwenye sauti ya kutoa amri, alinisubiri nje ya msikiti baada ya watu kutawanyika, akaniuliza kliniki ile inafunguliwa siku gani. Ni kwa ajili ya mtu fulani, alisema. Wiki iliyofuata akasema mtu fulani ni yeye. Kijana wa bodaboda alinipeleka kazini, akakataa nauli na kubaki amesimama na kofia ngumu mkononi, mpaka alipoweza kunieleza kwamba barabarani huwa anawaza kuiingiza pikipiki chini ya lori. Huyo sikumwacha aondoke peke yake. Tulikwenda wote hospitali asubuhi ile ile. Jirani alimwendea mke wangu jikoni akamsimulia kwamba alipojifungua mtoto wa pili alikuwa hawezi kumtazama, hamu ya kumnyonyesha haipo, analia chooni, na mama mkwe akasema ni jini la kizee. Mtoto yule sasa yuko darasa la sita. Miaka yote hiyo mama wa watu alijiona mnyama aliyeshindwa kumpenda mwanawe. Hakuwahi kuambiwa kwamba sonona baada ya kujifungua inajulikana, inatibika, na huwapata wanawake wengi tu wanaopenda watoto wao.

Hawa wote waliishi kwenye mtaa mmoja. Wanasali pamoja, wananunua samaki kwa mchuuzi mmoja, wanachangiana misiba. Na kila mmoja alikuwa na yakini kwamba hali hii ni yake peke yake, kwa kuwa alipowatazama wengine aliona nyuso zilizopigwa pasi kama yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 walikuwa na sonona. Namba hiyo niliwahi kuiona kabla sijaugua, na haikunifariji hata kidogo. Milioni 280 hawakai mtaa wa pili. Mwenye duka anakaa.

Nimesema wapo wenye roho mbaya, na ni haki niwataje. Mzazi mmoja aliomba mwanawe ahamishwe darasa langu. Kuna aliyenitania mbele ya watu kwamba gari la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, linakuja kunichukua. Anayesoma akiwa Kenya anaujua utani huo kwa jina la Mathari, hospitali iliyoanza Nairobi mwaka 1910 kwa jina la Kiingereza lenye maana ya hifadhi ya wendawazimu. Uganda wataitaja Butabika. Hospitali hizi zinafanya kazi kubwa ya kuokoa watu, na majina yake yamegeuzwa matusi ya shuleni. Jambo hilo linaniuma kuliko utani niliotaniwa mimi, maana najua kuna mtu analisikia tusi hilo akiwa na barua ya rufaa mfukoni.

Nikajiuliza picha ya mgonjwa wa akili kama mtu wa kutisha inatoka wapi, na nadhani jibu liko sokoni. Mtaa mzima unamjua yule anayetembea na matambara, anaongea peke yake, analala kwenye vibaraza vya maduka. Yeye hawezi kujificha. Anayeweza kujificha anajificha: mwalimu, karani wa benki, mshonaji, mama mwenye genge, wote wanaokunywa dawa zao na kuishi. Kwa hiyo watu wamejenga elimu yao yote juu ya ugonjwa wa akili kutokana na wale waliokosa matibabu, na hawajawahi kumwona aliyeyapata. Siyo elimu mbaya kwa nia. Ni elimu iliyonyimwa nusu ya ushahidi. Na nusu hiyo tumeikalia sisi.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu unyanyapaa katika afya ya akili. Tume ile, ambayo mmoja wa viongozi wake alikuwa Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, mwanamke ambaye mwenyewe ameishi na ugonjwa wa akili, ilipitia tafiti nyingi na kuona kwamba njia yenye nguvu kuliko nyingine katika kupunguza unyanyapaa ni watu kukutana na kuzungumza na mtu aliyeyapitia. Mabango yanasaidia kidogo, semina kidogo. Anayebadilisha mawazo ya watu ni mtu aliyekaa mbele yao, wanayemjua kwa mambo mengine.

Ndiyo sababu siamini kwamba kusema ni kazi ya watu mashuhuri peke yao, ingawa wakisema nawashukuru. Mwezi Agosti 1998, waziri mkuu wa Norway, Kjell Magne Bondevik, mchungaji wa Kilutheri kwa wito wake, alitangaza kwamba anachukua likizo kwa sababu ya sonona. Angeweza kusema ni mgongo. Akatibiwa, akarudi ofisini baada ya wiki chache, na mwaka 2001 akawa waziri mkuu tena. Nikiwasimulia wanafunzi wangu wakubwa kisa hiki, huwa wananyamaza mahali pamoja: pale anaporudi. Hawakujua kwamba mtu anarudi.

Upande wa dini niliambiwa mengi, na mengi yalisemwa kwa upendo. Kwamba imani yangu imepungua. Kwamba Muumini hakati tamaa. Sheikh niliyemwendea, namshukuru mpaka leo, hakunijibu hivyo. Alinikumbusha Nabii Yakubu, aliyemlilia Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna mahali alipovuliwa unabii kwa ajili ya machozi yale. Alimshitakia Mola wake huzuni yake, kwa maneno, kwa sauti. Akanikumbusha pia kwamba mwaka waliofariki Bi Khadija, mke wa Mtume, na Abu Talib, ami yake, wanahistoria wa Kiislamu waliuita Mwaka wa Huzuni, na hawakuona haya. Kisha akasema niendelee na dua na niendelee na vidonge. Mwalimu mwenzangu, Mlutheri kutoka Lushoto, alinipa cha kwake: Eliya chini ya mretemu, akiomba afe, na malaika aliyemjia hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Nimekaa sana na kisa hicho. Kwanza usingizi, kwanza chakula, safari baadaye.

Kuna ushahidi wa kwetu Afrika Mashariki ambao ningependa kila diwani na kila katibu wa kikoba aujue. Kusini mwa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, eneo lililopigwa vibaya na ukimwi, watafiti walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Walichagua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, watu wenye dalili za sonona waliwekwa kwenye vikundi, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, wakakutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 16. Hapakuwa na daktari wala dawa. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji wenye elimu ya kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Walizungumzia mambo matatu hasa: kufiwa, ugomvi, na maisha kubadilika ghafla. Mwisho wake, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na sonona kamili walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji vingine walikuwa asilimia 54.7.

Nilipozisoma namba hizo niliwaza vikoba vyetu, madrasa, jumuiya ndogondogo, vikundi vya kuzikana. Watu tayari wanakutana kila wiki, tayari wana daftari na mwenyekiti. Zimbabwe nako, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare mjini Harare. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati na kufundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu atafute hatua moja ya kuanzia. Jaribio la mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi lile walipona zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa kusikiliza tunao. Wanachohitaji ni mafunzo, na kiti, na mtu wa kumpelekea mgonjwa hali ikiwa nzito kuliko uwezo wao.

Hilo la mwisho lisisahaulike. Nimeona mikutano ambapo vijana wanaambiwa "semeni, semeni", wanasema, watu wanapiga makofi, halafu hakuna wa kuwapeleka popote. Mtu aliyefunua jeraha lake na kuachwa nalo hatalifunua tena. Na si kila mtu anastahili kuambiwa. Binti anayefanya kazi za ndani akimwambia bosi wake anaweza kurudishwa kwao kesho yake. Mchumba anaweza kuachwa. Sitamwambia mtu yeyote apande kwenye kibaraza atangaze. Mimi nilianza na dada yangu, kwenye chumba kilichofungwa, na barazani nilikwenda nikiwa nimeshaanza kulala usiku. Aliye ndani ya shimo anahitaji sikio moja tu. Walioshatoka, wenye kazi, wenye umri, wenye sauti inayosikilizwa, hao ndio nawaomba waseme, kwa kuwa kwao kuna la kupoteza lakini si kila kitu.

Na wenye kusikiliza, msimwambie mtu ajikaze. Alishajikaza mpaka akaishiwa. Hapo alipofika ndipo kujikaza kulipomfikisha. Msimwambie kuna wenye shida kuliko yeye, analijua hilo na linamuumiza. Muulizeni tangu lini. Muulizeni kama amekula. Mfuateni kliniki, maana kukaa peke yako kwenye benchi la kliniki, ukiogopa nani atakuona, ni kugumu kuliko sindano.

Limebaki jambo la sheria. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, mtu aliyejaribu kujiua ana hatia ya kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kinapingana na Katiba. Vyote ni urithi wa sheria za Kiingereza za enzi ya ukoloni, na Waingereza wenyewe waliiacha yao mwaka 1961. Fikiria mtu aliyeokolewa na majirani juzi, amekaa mbele ya mtabibu, anaulizwa swali la tisa. Anajua kwamba alichofanya ni kosa, na familia yake inajua. Atasema alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya, familia itaapa hivyo hivyo, mtabibu ataandika sifuri, na atarudishwa nyumbani bila ya kitu kilichomfanya ainywe kuguswa. Tunawasihi watu waseme huku tumeweka kosa la jinai juu ya jambo ambalo ni la lazima kuliko yote kulisema. Kifungu cha 217 ni sentensi moja fupi. Wabunge wetu wanaweza kuifuta katika kikao kimoja, na mimi nimeshamwandikia wa kwangu.